Timu ya wapita njia iliyodumu karibu miaka 150

Na Mwandishi Wetu, Nchelenge

UKIMWAMBIA mchuuzi wa samaki wa Kashikishi kwamba kuna watu wanaocheza mpira juu ya barafu, huenda akakuuliza kwanza barafu hiyo inauzwa bei gani. Kando ya Ziwa Mweru, barafu ni mali. Tangu enzi za ukoloni, wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga walipokuwa wakinunua samaki wa Luapula na kuwasafirisha hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, barafu ndiyo iliyoamua mzigo ufike mbichi au ufike umeoza.

Huko Montreal, Canada, barafu ilizaa mchezo wa magongo wa barafuni, na mchezo huo ukazaa timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha McGill. Timu hiyo inahesabiwa kuwa klabu ya kwanza ya mchezo huo kuundwa rasmi. Historia yake inagusa swali ambalo msomaji wa Nchelenge, Pweto au Kilwa atalitambua mara moja: timu itadumu vipi ikiwa wachezaji wake wote ni wapita njia?

Machi 3, 1875

Usiku wa Machi 3, 1875, vijana waligawanyika pande mbili, tisa kwa tisa, ndani ya jumba la kutelezea la Victoria mjini Montreal. Aliyewakusanya ni James Creighton, mtu aliyetoka Halifax. Kadhaa miongoni mwao walikuwa wanafunzi wa McGill, na Creighton mwenyewe baadaye alisoma sheria chuoni hapo.

Watu walikuwa wakicheza kwa magongo juu ya mito na maziwa yaliyoganda tangu zamani. Ndani ya jumba, hata hivyo, mpira wa kawaida ungeweza kuruka na kumjeruhi mtazamaji. Kwa hiyo, walitumia kipande cha ubao, bapa na cha mviringo, ambacho kiliteleza chini badala ya kuruka juu. Siku hizi hutumika kisahani cha mpira mgumu, lakini wazo ni lile lile.

Januari 1877 wanafunzi wa McGill waliunda klabu yao. Mwezi uliofuata, Februari 27, gazeti la Gazette la Montreal lilichapisha kanuni saba za mchezo huo. Kanuni hizo hazikubuniwa upya. Nyingi zilichukuliwa karibu neno kwa neno kutoka kanuni za magongo ya uwanjani za Uingereza, na palipotajwa uwanja pakaandikwa barafu. Faida yake ilikuwa kubwa: mtu yeyote aliyesoma gazeti aliweza kucheza na mgeni bila kugombana.

Mwaka 1883, katika sherehe za majira ya baridi mjini Montreal, McGill ilitwaa kombe mbele ya timu za Quebec na Victoria.

Wachezaji huondoka, timu hubaki

Mwanafunzi hukaa chuoni miaka mitatu au minne, kisha huenda zake. Hivyo, kocha wa timu ya chuo hujua kwamba kipa wake hodari ataondoka, na nahodha pia. Kila baada ya miaka michache timu yote huwa mpya. Vita viwili vya dunia vilikatiza mashindano ya vyuo vya Canada, na vijana wengi wakaenda mstari wa mbele.

Hata jina halikubaki. Kwa miaka mingi timu za wanaume za McGill ziliitwa Redmen. Wenyeji wa asili wa Canada walilalamika kwamba jina hilo linawadhalilisha, na mwaka 2019 chuo kikalifuta. Tangu 2020 zinaitwa Redbirds.

Kombe la taifa la vyuo vikuu vya Canada lilianza kushindaniwa mwaka 1963, lakini McGill ililitwaa kwa mara ya kwanza mwaka 2012, kwa kuifunga Western mabao 4-3 katika muda wa nyongeza. Hiyo ni miaka 135 tangu klabu izaliwe. Waanzilishi wote walikuwa wamekwisha kufariki zamani.

Kilichovuka miaka hiyo yote ni kanuni zilizoandikwa, viongozi wa kuchaguliwa, vifaa ambavyo ni mali ya klabu na si ya mtu, na jirani wa kucheza naye kila mwaka.

Simba wa Nairobi

Hapa Afrika Mashariki, barafu ya kuchezea ilipatikana Nairobi mwaka 2005, hoteli ya Panari ilipofungua uwanja wake kando ya Barabara ya Mombasa. Ni uwanja mdogo kuliko ule wa kawaida. Mwaka 2016 ikazaliwa humo timu ya Ice Lions.

Timu hiyo ilikuwa na ari, lakini haikuwa na mpinzani nchini. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwapeleka wachezaji wake Canada, na huko ndiko walikokutana na timu nyingine kwa mara ya kwanza. Nyota wawili wakubwa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, walivaa jezi za Kenya na kucheza pamoja nao. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Ziwani kwetu

Mwambao wa Mweru una kile ambacho Nairobi ilikikosa. Majirani wapo, ng'ambo ya maji tu. Wakimbizi wa Congo walioishi Kala na Mwange walirejea kwao kwa wingi kati ya 2007 na 2010. Wengine walikimbia tena mwaka 2017, na kambi ya Mantapala ikafunguliwa hapa Nchelenge mwanzoni mwa 2018. Desemba 2021 misafara ya kurudi Pweto ikaanza. Wafanyabiashara wa chisense nao hawatulii mahali pamoja.

Katika hali hiyo, mara nyingi timu ya vijana huwa ni ya mtu mmoja mwenye mpira na jezi. Siku akipanda boti na mizigo yake, timu imekwisha. Waliobaki huanza upya, nao waliorejea huanza upya ng'ambo, kana kwamba hawakuwahi kucheza pamoja.

Daftari lenye majina, kanuni na orodha ya jezi halina gharama kubwa. Tarehe ya mechi ya kila mwaka kati ya waliorudi na waliobaki haina gharama yoyote kuipanga. Hata msimu upo: kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande wa Zambia, miezi ile ile ambayo Canada barafu huwa imeshika na wanafunzi wa McGill wako uwanjani.

Anayejiandaa kuvuka wiki hii, basi, na ajiulize kabla ya kufunga mizigo: daftari la timu anamwachia nani?