Ijumaa ya Babu na Mjukuu

Ijumaa ya kwanza baada ya msikiti wa mtaani kwetu kufunguliwa tena, baba yangu alioga mapema, akavaa kanzu iliyopigwa pasi tangu usiku, akajipaka mafuta ya udi, akatia kofia kichwani. Kisha akateremka ngazi, akaketi kwenye kibaraza cha mbele ya nyumba, na hapo ndipo alipobaki. Ndugu yangu alipopita na mswala kwapani na barakoa usoni, Baba alimpa kijiti cha rehani, akamwambia, "Nisalimie safu ya kwanza." Kando yake alikuwa ameketi mjukuu wake wa miaka tisa, naye kavaa kanzu. Hakuna aliyewaamuru wavae. Wote wawili walijua kuwa hawaendi popote.

Masharti ya wakati huo, mwaka 2020, yalikuwa haya: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na waingiao wawe na umri wa kati ya miaka 13 na 58. Baba alikuwa na miaka 71. Sikusudii kubishana na kanuni hizo. Maradhi haya yanawalemea wazee kuliko vijana, na kila aliyefuatilia habari tangu kisa cha kwanza kutangazwa nchini tarehe 13 Machi analifahamu hilo. Ila niliona kwamba tulikuwa tukilitamka neno "kulegezwa" kana kwamba limewafikia watu wote siku moja. Nyumbani kwetu lilifika kwa zamu, na walikuwepo ambao zamu yao ilikuwa bado.

Sisi ni watu wa Mji wa Kale, Mombasa, na kufungwa kwetu kulikuwa tabaka juu ya tabaka. Tarehe 27 Machi ilianza amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili zikafungwa kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi, asiingie mtu wala asitoke. Kisha tarehe 6 Mei, nasi tumo katika mfungo wa Ramadhani, Mji wa Kale wenyewe ukazingirwa, sawa na Eastleigh ya Nairobi. Siku 15 zilizotajwa mwanzo zikasogezwa hadi tarehe 6 Juni, na Idi ikatukuta humo humo. Kaunti yetu ilikuja kufunguliwa tarehe 7 Julai. Ni katika ule mfungo wa ndani ya mfungo ndipo Baba alipoanza kulima.

Kulima, labda, ni neno kubwa. Nyumba yetu haina shamba wala ua wa kutajika. Ina paa la bapa tunaloanikia nguo, na juu yake Baba alipanga madebe mawili ya mafuta, ndoo iliyopasuka mpini na karai kuukuu la kukandia unga. Udongo aliuomba kwa jirani aliyekuwa na miche iliyokauka kwenye vyungu. Mbegu hazikuwepo, na soko lilikuwa limefungwa. Basi akaingia jikoni, jambo ambalo Mama hakulizoea na hakulipenda, akafungua makopo ya viungo mmoja mmoja, akachota uwatu na dhania nzima.

Uwatu ulichipua siku ya nne, na nyumba nzima tukapandishwa juu kwenda kuutazama. Dhania ilichukua karibu wiki mbili, ikatoka nyororo, kisha ikageuka manjano yote na kufa. Kosa lilikuwa la maji. Baba alikuwa akimwagilia maji ya kisima, na visima vya huku kwetu vina chumvi. Yanafaa kuoshea sakafu, hayafai kunywesha jani changa. Alisikitika kwa namna ambayo mtu mzima husikitika juu ya jambo dogo wakati mambo makubwa hayasemeki. Lakini masika ilikuwa imekwisha kuingia. Tukatega kila chombo chenye mdomo, na dhania ya pili ikanyweshwa maji ya mvua tu. Safari hii alizifikicha punje kidogo kati ya viganja kabla ya kuzipanda, kwa kuwa kila kidonge cha dhania kina mbegu mbili ndani yake, akazifunika kwa kipande cha leso kilicholoweshwa hadi zilipotoa kichwa.

Mbegu za mchicha zilitoka kwa bibi anayekaa ghorofa ya pili ng'ambo ya kichochoro. Watu wa Mji wa Kale wanakijua kikapu cha kamba kinachoteremshwa dirishani kupokea mkate au samaki bila mtu kushuka ngazi. Vijana walikuwa wanakicheka. Miezi ile kikapu kile kilikuwa ndio mlango wa bibi yule: zikishuka mbegu za mchicha kwenye karatasi, panda dhania, ikishuka sahani tupu, panda sahani ya mbaazi. Mchicha tuliula baada ya wiki nne. Bamia zilitaka subira ya miezi miwili, na upepo wa kusi uliilaza miche mara mbili hadi Baba alipoikingia makuti upande wa bahari. Rehani haikumsumbua hata kidogo. Kata kijiti, kitie katika gilasi ya maji mahali penye kivuli, badilisha maji kila siku mbili, na mizizi itakuja yenyewe.

Msaidizi wake alikuwa yule mjukuu. Shule zilikuwa zimefungwa, na tulikuwa tumekwisha ambiwa zingebaki hivyo hadi Januari, kwa hiyo mtoto alikuwa na muda usio na mwisho. Baba alikuwa karani bandarini kwa zaidi ya miaka 30 na haamini kitu kisichoandikwa. Akamchorea daftari safu nne: tarehe, mbegu, maji, maoni. Siku dhania ilipokufa, mtoto aliandika chini ya maoni: "Babu amenuna." Daftari hilo tunalo bado, nami nadhani mwandiko wake umetengenea humo kuliko ulivyotengenea shuleni.

Chini ya paa hilo, ghorofa moja tu, mlikuwa na shughuli nyingine. Wifi yangu ni mshoni, na mwaka wa mshoni wa pwani hutegemea Idi mbili. Kufikia nusu ya Ramadhani alikuwa na nguo kumi na moja zilizokamilika, zimekunjwa, na wenyewe wako nje ya mji uliozingirwa. Hawakuweza kuingia, naye hakuweza kutoka. Wengine, hata njia zilipofunguka, walimwambia kwa adabu kuwa hawana tena haja ya nguo ya Idi iliyokwisha pita, na fedha ziliingia chakulani. Hakuwalaumu, maana hata zetu ziliingia huko huko. Lakini kodi ya kibanda chake cha kushonea haikungoja.

Akageukia barakoa. Neno hili lenyewe lina kisa. Barakoa ya bibi zetu ilikuwa kifuniko cha uso kilichovaliwa na mabibi wa heshima wa pwani na Unguja, lililokuja kwetu pamoja na mila za Uarabuni. Vijana wengi walikuwa hawajalisikia hadi Machi mwaka 2020, lilipotolewa kabatini na kupewa kazi mpya. Wifi yangu alizishona kwa vitambaa vya pamba vilivyosalia katika mikato ya madera. Mwanzo zilikuwa za tabaka mbili. Mwezi Juni, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa tabaka tatu, ya ndani ikiwa ya pamba inayonyonya unyevu na ya nje isiyonyonya, alizifumua alizokuwa nazo akazishona upya. Mwongozo huo huo uliwashauri wenye miaka 60 na zaidi wavae barakoa za kitabibu mahali ambapo haiwezekani kukaa mbalimbali, na kwa hiyo Baba, baba mkwe wa mshona barakoa, alikuwa akivaa ya dukani akipita penye watu. Biashara hiyo ilimvusha wifi yangu miezi miwili, kisha barakoa zikajaa kila kona kwa bei ya kutupa. Mwezi Julai alikuwa akingoja Idi ya kuchinja, mwishoni mwa mwezi huo. Maagizo yalikuwa yameanza kurudi, machache. Zile nguo kumi na moja, saba zilikuwa zimechukuliwa.

Mama hakushona barakoa. Alishona kofia. Alianza Ramadhani, ya mjukuu, kwa mkono, vito vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi tundu kwa tundu. Kofia ya namna hii haikubali haraka. Mwenye mkono mwepesi huimaliza kwa miezi, na macho ya Mama hayakuwa tayari kuisaidia mikono yake. Ilikuwa ni nadhiri yake kwamba mtoto ataivaa Ijumaa atakayorudi msikitini. Mwanzoni mwa Julai uzi ukamwishia.

Hapa ndipo pana jambo ambalo sikuwa nimeliona. Njia zilikuwa zimefunguliwa mwezi mzima na Mama hakuwa ametoka hata mara moja. Sisi tulidhani anajihadhari, nasi tukamsifu. Kumbe alikuwa anaogopa mlango. Nilipomwambia nitamletea uzi alinipa namba na rangi, nikaleta usio wenyewe. Nikarudi, nikaleta mwingine, nao haukuwa. Mara ya tatu aliuweka kwenye mwanga, akanitazama, akasema, "Mwanangu, uzi hauletwi." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaomba buibui lake.

Tulikwenda Barabara ya Biashara saa tatu asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Ni mwendo mfupi, lakini tulisimama mara nne. Kila tulipokutana na mtu alijibana ukutani, na kila duka lililokuwa limefungwa aliniuliza habari za mwenyewe. Kwenye duka la nyuzi mwanamke mmoja alisimama mbele yetu, kajifunika barakoa hadi chini ya macho, akauliza bei. Mama akageuka kwa sauti tu. Walikuwa wamesoma chuo kimoja utotoni, na hawakuwa wameonana tangu Februari. Mikono ikanyanyuka yote minne, ikakumbuka, ikarudi vifuani. Walibaki hivyo, hatua mbili kati yao, wakiulizana habari za wagonjwa na waliotangulia, na muuza nyuzi alikuwa na adabu ya kutowaharakisha. Uzi alioutaka ulikuwa kwenye droo ya pili. Njiani Mama hakujibana ukutani tena ila mara moja.

Nakuomba basi, ndugu msomaji, unapopanga matembezi ya mwisho wa wiki, uangalie nyumbani mwako ni nani hajavuka kizingiti kwa muda mrefu. Usimpeleke penye msongamano, na usimpeleke kwa nguvu. Mtafutie haja yake mwenyewe: uzi, mche, samaki wa kuchagua kwa mkono wake. Aliyekaa ndani miezi minne haitwi nje kwa kuambiwa kuwa jua ni zuri.

Ijumaa ile niliyoanza nayo, baada ya alasiri, tuliwachukua babu na mjukuu hadi Mama Ngina, kwenye bustani ya ufukweni. Amri ya usiku wakati huo ilikuwa ikianza saa tatu, na tofauti yake ilikuwa kubwa kuliko inavyosikika. Ilipokuwa saa moja, Magharibi ikiadhiniwa karibu na saa kumi na mbili na nusu, mtu alikuwa na nusu saa tu ya kukimbilia nyumbani. Sasa jioni ilikuwa imerudi. Familia zilikuwa zimekaa mbalimbali kwenye nyasi, wauza muhogo wa kukaanga wapo, madafu yapo. Meli moja ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini, na Baba alimweleza mtoto kwa nini hutanguliwa na boti ya rubani. Mtoto alikuwa amebeba lile daftari, akaiandika meli chini ya safu ya mbegu kwa kuwa hakuona safu nyingine ya kuitia.

Magharibi ilipoingia tulitandika miswala palepale, nafasi kati ya mtu na mtu. Baba alitangulia. Mtoto akauliza asimame wapi.

"Safu ya kwanza, pamoja na ami yako," Baba akamwambia, akamtengeneza kofia yake ya zamani iliyokwisha kuwa ndogo. Mpya imebaki sehemu ya juu.

Tulirudi mapema. Muhogo tulioubakisha tuliutia katika kikapu cha bibi wa ghorofa ya pili, ambaye naye bado hajashuka. Kamba ikavutwa, dirisha likawaka taa. Baada ya muda sauti ikatufuata kichochoroni, akisema ahsanteni, na akiuliza bamia zake ziko wapi.