Kura Zikiisha, Bendi Inataka Kula

Ukitaja Luzira mbele ya Mganda, kwanza atawaza gereza. Gereza kuu la nchi liko huko, kusini mashariki mwa Kampala karibu na ziwa, na Aprili 2019 hata mwanamuziki Bobi Wine alipelekwa rumande humo. Lakini barabara hiyohiyo ya Port Bell inapita pia kwenye kiwanda cha Uganda Breweries, kilichoanzishwa mwaka 1946. Hapo ndipo inapopikwa bia ya Bell, iliyochukua jina la bandari, na bandari nayo ikachukua la Hesketh Bell, mtawala Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kiwanda hicho ni tawi la East African Breweries ya Nairobi, wenye Tusker. Na kwa miaka kadhaa Tusker ilikuwa ndiyo lango kubwa la kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kuimba akajulikana.

Lango lenyewe liliitwa Tusker Project Fame. Shindano lilianza 2006, likaenda misimu sita, wa mwisho ukiwa wa 2013. Washiriki walikusanywa Nairobi, wakawekwa kwenye nyumba iliyoitwa akademia, wakafundishwa sauti na namna ya kusimama jukwaani huku kamera zikiwatazama wakila, wakinuniana na kulia. Wikendi waliimba mbele ya majaji, akiwemo Ian Mbugua wa Kenya, ambaye maneno yake makali yaliwaliza wengi, na katika misimu ya baadaye mwimbaji wa Uganda, Juliana Kanyomozi. Kisha watazamaji wakapiga kura kwa SMS, na wengi, tuseme ukweli, walipigia bendera ya nchi yao kabla ya sauti.

Uganda ililipata taji mara mbili: Esther Nabaasa mwaka 2008 na Davis Ntare mwaka 2010. Kenya nayo mara mbili, kwa Valerie Kimani aliyefungua dimba 2006 na Ruth Matete wa 2012. Rwanda ilishinda kwa Alpha Rwirangira 2009, Burundi ikafunga na Hope Irakoze 2013. Tanzania haikupata kitu. Zawadi ilifika shilingi milioni 5 za Kenya pamoja na mkataba wa kurekodi, na kwa kijana aliyekuwa akiimba kwaya ya kanisani hiyo ilikuwa ndoto tupu.

Lakini tazama walikoishia. Alpha alikwenda kusoma Campbellsville, chuo kikuu cha Kentucky nchini Marekani. Ruth aligeukia injili. Wengine walitoa nyimbo mbili tatu, zikapigwa redioni, kisha majina yao yakabaki kwenye mabishano ya mashabiki wa zamani. Hawakuwa waimbaji wabaya. Tatizo ni kwamba taa, mavazi, mwalimu wa sauti, muziki wa nyuma na hata saa ya kulala vyote vilikuwa vya waandaaji. Mshindi alirudi nyumbani na hundi na sura inayojulikana. Kundi la watu wa kusimama nyuma yake Ijumaa inayofuata ilibidi alitafute mwenyewe, na hilo hakuna aliyemfundisha akademia.

Anayetaka kuona jambo hilo vizuri arudi nyuma hadi miaka miwili kabla ya Project Fame, kutoka kwenye bia mpaka kwenye soda. Mwaka 2004 Coca-Cola ilileta Popstars, shindano la televisheni lililotafuta kundi la waimbaji badala ya mwimbaji mmoja. Kila nchi ilitoa lake. Kenya ilipata Sema: Sanaipei Tande, Pam Waithaka na Kevin Waweru. Tanzania ilipata Wakilisha: Shaa, Witness na Langa. Uganda ikapata Blu*3: Lilian Mbabazi, Jackie Chandiru na Cinderella Sanyu, ambaye wote wanamwita Cindy.

Kuna kitu cha ajabu katika kuunda kundi kwa namna hiyo. Makundi mengi huanza mtaani: vijana wanajuana, wanashea gitaa moja, wanagombana na kupatana kabla mtu yeyote hajawasikia. Hawa walikutanishwa na majaji. Walijifunza kuimba pamoja na kuishi pamoja mbele ya kamera, wakiwa na umaarufu tayari na wimbo bado. Ni ndoa iliyofungwa na washenga kabla bwana na bibi hawajaonana.

Sema haikudumu. Sanaipei aliingia redioni, akawa mtangazaji wa Kiss 100, akarudi kuimba kwa jina lake, akamsindikiza mwanarapa Jua Cali katika wimbo Kwaheri, na baadaye akawa mwigizaji wa tamthilia anayejulikana kuliko alivyopata kujulikana kwa Popstars. Wakilisha nao walitawanyika. Shaa alijijenga upya na wimbo wake Sugua Gaga ukamrudisha kwenye midomo ya watu. Langa Kileo alibaki kwenye rapu, akazungumza hadharani juu ya vita vyake na dawa za kulevya na kuwaonya vijana wenzake. Alifariki Dar es Salaam Juni 2013. Itakuwa uonevu kuitwisha televisheni mzigo wa kifo chake. Ila ni haki kusema kwamba shindano lilikuwa na mkataba wa kukupandisha jukwaani, na halikuwa na kipengele cha kukushika ukianza kuteleza.

Blu*3 ndio waliodumu. Walifanya kazi na Fenon Records ya Steve Jean, studio ya Kampala iliyojua kutengeneza sauti safi na pia kuuza jina la msanii. Wimbo wao Frisky ulichezwa kwenye kumbi. Hitaji, kibao chenye jina la Kiswahili, kiliwavusha mpaka. Where You Are, waliyoimba na wanamuziki wawili, Radio na Weasel, hadi leo ikipigwa kwenye harusi za Kampala watu wa makamo huacha sahani na kunyanyuka. Lakini mwaka 2008 Cindy alitoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Mya Baganda, kundi likajikongoja muda kidogo, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Hapo ndipo kisa kinaponoga, kwa sababu wanawake watatu waliotoka mlango mmoja walipita njia tatu.

Jackie Chandiru, mwenye asili ya West Nile, alianza kwa kishindo. Wimbo Gold Digger ulimfanya nyota peke yake, naye alikuwa na umbo, sauti na ujasiri wa jukwaa. Kisha akapotea machoni pa watu kwa miaka. Aliporudi alieleza mwenyewe jinsi dawa za kutuliza maumivu zilivyomnasa kwenye uraibu. Kampala ilikuwa imemsengenya kwa muda mrefu. Kusikia habari kutoka kinywani mwake kuliwanyamazisha wengi.

Cindy alichagua ushindani. Aliingia kwenye dansihoo, muziki uliotawaliwa na wanaume, na akakataa kuimba juu ya CD. Yeye na mashabiki wake wamelifanya hilo kuwa hoja ya kudumu: mwimbaji ni yule anayeimba laivu, pumzi zikisikika. Kauli hiyo imemletea maadui wa kutosha, maana Uganda ina wasanii wakubwa ambao maiki yao, kazi yake kubwa ni kushikwa. Baadaye akaongoza Chama cha Wanamuziki wa Uganda, kiti ambacho kilimweka katikati ya malumbano ya hakimiliki na siasa za wasanii.

Lilian Mbabazi, binti wa wazazi wa Kinyarwanda, alichukua njia ambayo haina kelele nyingi. Aliunda bendi, akaiita Sundowners, na akaanza kuimba nayo kwenye kumbi na matamasha ya jiji. Nyimbo kama Vitamin na Kuch Kuch zilijulikana kwanza kwa studio, lakini ukizisikia na bendi zinakuwa kitu kingine: zinapunguzwa mwendo, zinarefushwa, gitaa linapewa nafasi ya kujibu. Mwaka 2013, Coke Studio, kipindi cha muziki cha Coca-Cola, ilipoanza msimu wake wa kwanza wa Afrika, naye alikuwa miongoni mwa walioitwa. Kampuni iliyomtafuta 2004 kama msichana wa kuingizwa kwenye kundi ilimkuta safari hii ni mwimbaji mwenye kundi lake. Februari 2018 alifiwa na Mowzey Radio, baba wa watoto wake wawili, yule Radio wa Where You Are. Akaendelea kuimba.

Kuwa na bendi Kampala si jambo la sifa tu, ni hesabu. Msanii wa CD anakwenda kwenye onyesho na DJ na meneja. Mwenye bendi anabeba mpiga drams, mpiga besi, mpiga gitaa, mpiga kinanda, waitikiaji wawili na fundi mitambo. Mchana wanalipia chumba cha mazoezi. Saa kumi jioni wako ukumbini wanapima sauti: fundi anataka drams kwanza, kipande kwa kipande, halafu besi, halafu anamwambia muitikiaji aimbe peke yake mpaka muitikiaji anaona haya, na wakati huo meneja wa ukumbi anauliza kama wanaweza kupunguza kidogo, wateja wanakula. Onyesho linaisha saa saba usiku, na watu saba wanataka bodaboda na hela ya leo, leo. Promota, kwa upande wake, mara nyingi ana bei moja mfukoni. Haongezi kwa sababu umekuja na watu.

Ndiyo maana wapigaji wazuri hawawezi kuwa wa bendi moja. Wengi wamekulia kanisani, na Jumapili asubuhi bado wako huko. Alhamisi wanampigia mwimbaji huyu, Ijumaa yule, Jumamosi wako kwenye harusi. Mwimbaji anayetaka waje kwake kwanza lazima awe na kazi ya kila wiki, hata ikiwa ndogo. Umaarufu wa televisheni unasaidia kupata siku ya kwanza ukumbini; siku ya 40 mwenye ukumbi anahesabu chupa zilizouzwa. Kwa hiyo kinywaji kinarudi tena kwenye habari hii, safari hii kwa kreti.

Kwamba ushindi wa televisheni haumpi mtu bendi ya kudumu, wenzetu wa roki huko nje nao walilijua. Mwaka 2005 kundi la INXS la Australia, lililompoteza mwimbaji wake Michael Hutchence mwaka 1997, lilitafuta mrithi kupitia kipindi cha televisheni cha Marekani kilichoitwa Rock Star. Akapatikana J.D. Fortune wa Kanada. Alipewa bendi nzima, nyimbo zinazojulikana duniani na ziara, na bado kufikia 2011 maiki ilikuwa mkononi mwa mwingine. Mwaka uliofuata ushindi wa Fortune, Chris Daughtry alitolewa kwenye shindano la American Idol akiwa wa nne. Kundi la Fuel likamwita awe mwimbaji wao. Akakataa, akaunda bendi yake mwenyewe, na albamu waliyoitoa Novemba 2006 iliuza zaidi ya nakala milioni 4 Marekani peke yake. Aliyeshinda alipewa bendi ya watu. Aliyeshindwa aliunda ya kwake.

Roki yenyewe haikupata nafasi kwenye mashindano yetu. Kampala ina Vale of Amonition, kundi la metali nzito lililoanza mwaka 2009, na hakuna mfadhili wa soda wala bia aliyewahi kulitafutia kura za SMS. Wamejijenga kwa wasikilizaji wachache waliotawanyika duniani. Ukiwalinganisha na baadhi ya washindi wa akademia, ambao jina lao lilijulikana nchi tano kwa wiki nane, huwezi kusema kwa urahisi nani alipata njia iliyo bora.

Tusker Project Fame haikurudi baada ya 2013. Fedha za wenye bia zilihamia zaidi kwenye matamasha, ambako mfadhili analipia jukwaa la siku moja na kuondoka na picha zake, bila kulea mtu akademia kwa miezi. Wasanii wa sasa wa Kampala wanajulikana kwa TikTok kabla ya kujulikana kwa majaji. Na Septemba 15, 2023, miaka 19 baada ya Popstars, Cindy alipanda jukwaani Kololo, Kampala, kupambana wimbo kwa wimbo na mwimbaji mwenzake Sheebah Karungi, mbele ya umati uliolipa kiingilio. Hakukuwa na SMS za kumpa ushindi mtu, na kwa wiki nzima baadaye mashabiki wa pande mbili walibishana kwenye teksi na redioni nani alimzidi mwenzake.