Regulata ya kuzamia maji baridi: soma alama ya nyuzi 10 kabla ya kulipa

Mzamiaji aliyezoea maji ya Pemba au Watamu anaweza kutumia regulata moja kwa miaka mingi bila kujiuliza kama inahimili baridi. Bahari ya pwani yetu huwa na joto la nyuzi 25 hadi 29 Selsiasi, na regulata yoyote nzuri iliyotunzwa hufanya kazi.

Mambo hubadilika kifaa hicho kinapovuka mipaka. Cape Town, upande wa Atlantiki, maji huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Katika ufa wa Silfra nchini Iceland, unaovutia wazamiaji wa nchi nyingi, maji huwa ya nyuzi 2 hadi 4 mwaka mzima. Huko, regulata isiyofaa inaweza kuganda na kumwaga hewa ya mtungi mzima kwa dakika chache, mwenye nayo akiwa chini ya maji.

Kwa nini inaganda?

Ukibonyeza vali ya tairi la baiskeli, hewa inayotoka huwa ya baridi. Hewa iliyobanwa hupoa inapotanuka. Mtungi wa kuzamia hujazwa kwa shinikizo la baa 200 au 232. Sehemu ya kwanza ya regulata, ile inayofungwa kwenye mtungi, huishusha hewa hiyo hadi takriban baa 10 juu ya shinikizo la maji. Sehemu ya pili, iliyo mdomoni, huishusha tena ili ivutike.

Mshuko huo wa kwanza hupoza chuma hadi chini ya sifuri. Maji yanayokigusa yakiwa ya nyuzi 4, hayana joto la kutosha kukirudishia. Barafu hujijenga kwenye springi, vali hukwama ikiwa wazi, na hewa humwagika bila kukoma. Kadiri inavyomwagika ndivyo baridi inavyozidi. Maziwa ni hatari zaidi kuliko bahari, kwani maji baridi yasiyo na chumvi huganda kwenye nyuzi 0, wakati ya bahari huganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri.

Alama inasema nini?

Ulaya hutumia kiwango kiitwacho EN 250, ambacho huhesabu maji ya chini ya nyuzi 10 kuwa ni baridi. Regulata inayodaiwa kufaa kwa maji hayo hupimwa kwenye maji ya nyuzi 4 au chini yake. Ile isiyokusudiwa kwa baridi, chini ya toleo la mwaka 2014, huandikwa ">10°C". Ukiiona alama hiyo, usiipeleke Iceland, hata kama muuzaji anakuhakikishia vinginevyo.

Herufi A, yaani EN 250A, huonyesha kuwa kifaa kimepimwa pia kwa wazamiaji wawili wanaovuta kutoka mtungi mmoja. Tazama pia alama ya CE ikifuatiwa na namba ya tarakimu nne ya taasisi iliyosimamia ukaguzi. Kipimo ni cha seti nzima, hivyo sehemu ya kwanza ya kampuni moja ikifungwa na sehemu ya pili ya kampuni nyingine, cheti hakiwahusu tena.

Vitu vinne vya kukagua

Kwanza, sehemu ya kwanza iwe imezibwa ili maji yasifikie springi. Nyingi za aina ya kiwambo huzibwa hivyo. Za pistoni zipo zinazofaa, lakini nyingi huruhusu maji kuingia ndani, kwa hiyo uliza.

Pili, madini. Shaba ya njano hupitisha joto la maji haraka kwenda kwenye hewa. Titani ni nyepesi na haishiki kutu, lakini hupitisha joto kidogo.

Tatu, sehemu ya mdomoni yenye chuma, si plastiki tupu, ili pumzi yako na maji yaipashe joto.

Nne, kiungo cha mtungi. Ulaya wengi hutumia kile cha kuskrubu, kiitwacho DIN, badala ya kile cha kubana kwa pingu.

Hata kifaa bora hakisamehe uzembe. Usivute hewa kupitia regulata ukiwa bado juu kwenye upepo wa baridi, na usibonyeze kitufe cha kumwaga hewa bila sababu. Wazamiaji wa maji baridi hubeba regulata mbili kamili kwenye mtungi wenye vali mbili, ili moja ikiganda ifungwe na nyingine itumike.

Hesabu ya mnunuzi

Anayezamia Zanzibar pekee hana sababu ya kulipia uwezo asioutumia. Regulata iliyozibwa ina vipuri zaidi, na matengenezo yake yana gharama. Kwake, regulata ya ">10°C" ni ununuzi wa busara.

Hatari iko kwenye mitumba. Regulata iliyotumika kwenye maji ya joto haiwi ya baridi kwa kusafirishwa, na sura haionyeshi tofauti. Mnunuzi adai kuona alama kwenye sehemu zote mbili pamoja na rekodi ya matengenezo. Muuzaji naye aandike kiwango cha joto kwenye risiti. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, lakini siku regulata itakapoganda, huo ndio utakaoonyesha nani alisema nini.