Kisukari cha Paka na Tatizo la Bakuli la Pamoja

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani wakati wa jioni hakosi kuwaona paka. Wako penye maduka ya nafaka, ambako huthaminiwa kwa kuwinda panya. Wako chini ya meza za wauza samaki. Na wako uwani mwa nyumba za Kiswahili, zile ambazo vyumba vyake vimepangana pande mbili za ukumbi, na wapangaji hushirikiana jiko, maji na hata paka. Paka wa nyumba ya namna hiyo hana mlishaji mmoja. Asubuhi hutupiwa kipande cha chapati. Mchana hupewa wali uliotiwa mchuzi wa samaki. Usiku hupata ukoko wa ugali. Haba na haba hujaza kibaba.

Makala haya yanaeleza jinsi ugonjwa wa kisukari unavyompata paka, na kwa nini matibabu yake huweza kushindwa hata dawa inapopatikana, iwapo paka hula wengi pamoja na hakuna ajuaye mgonjwa amekula nini.

Mla nyama kwa maumbile

Paka wa nyumbani ni mzawa wa paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye chakula chake ni panya, ndege na wanyama wengine wadogo. Mwili wa panya una protini nyingi, mafuta ya kadiri, na wanga kidogo sana. Kwa hiyo mwili wa paka umejengeka kufuatana na chakula hicho. Mate ya binadamu yana kimeng'enya kiitwacho amilasi, ambacho huanza kuuvunja wanga tangu kinywani. Mate ya paka hayana. Aidha, katika ini la paka kimeng'enya glukokinasi, ambacho kwa wanyama wengine husaidia kuipokea sukari nyingi kwa mara moja, hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Hata ladha ya tamu paka haijui: mwaka 2005 wanasayansi walitangaza kwamba jeni mojawapo ya zile zinazounda kipokezi cha utamu imeharibika katika ukoo wa paka. Paka alapo wali, basi, hufuata harufu ya samaki.

Je, paka asiyekula wanga hupata wapi sukari ya damu? Jibu ni kwamba ini lake huitengeneza mchana na usiku kutokana na asidi amino za protini. Kwa sababu hiyo wanga si chakula cha lazima kwake. Lakini isidhaniwe kwamba tonge moja la ugali huleta kisukari. Paka mzima huweza kuusaga wanga uliopikwa. Jambo lililo hatari zaidi ni unene.

Jinsi ugonjwa unavyoanza

Mwaka 1889 wataalamu wawili wa Ujerumani, Minkowski na von Mering, walimwondolea mbwa kongosho, na mbwa huyo akapatwa na kisukari. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Banting na Best walifaulu kuitoa kutoka katika kongosho ile homoni iitwayo insulini. Kazi ya insulini ni kuiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika chembe hai za misuli na mafuta.

Kisukari cha paka aghalabu hufanana na kile kinachowapata watu wazima. Paka anenepapo, chembe zake huacha kuitii insulini ipasavyo. Kongosho hujitahidi kutoa insulini zaidi, na pamoja nayo hutoa homoni nyingine, amilini. Kwa paka, kama ilivyo kwa binadamu, amilini huweza kugandamana ndani ya kongosho na kuziharibu chembe zitoazo insulini. Wanaopatwa zaidi ni paka wenye umri mkubwa, wanene, madume waliohasiwa, na wale waliopewa dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu.

Sukari ikizidi kiasi cha milimoli 14 hadi 16 katika lita moja ya damu, mafigo ya paka hushindwa kuizuia, nayo hutoka katika mkojo. Sukari huvuta maji. Kwa hiyo paka hukojoa sana, hunywa maji sana, na hukonda ingawa anakula kwa pupa. Baadhi yao hudhoofika mishipa ya fahamu, wakatembea wakikanyagia visigino vya miguu ya nyuma.

Kwa nini wingi wa paka huuficha ugonjwa

Dalili hizo ni nyepesi kuzitambua paka akiwa mmoja. Wakiwa watano wanaonywa katika beseni moja na kukojoa katika mchanga mmoja, nani atajua ni yupi aliyemaliza maji? Chakula huisha kama kawaida, na kila mpangaji huamini kwamba paka wote wamekula. Njia rahisi ya kuipita shida hii ni mizani. Mtu asimame juu ya mizani akiwa amempakata paka, kisha asimame peke yake, na atoe hesabu ya pili katika ya kwanza. Uzito wa kila paka ukiandikwa mara moja kwa juma, yule anayekonda hujidhihirisha.

Hesabu ya wanga

Paka akithibitishwa kuwa na kisukari, daktari wa mifugo huagiza insulini, ambayo kwa kawaida huchomwa kila baada ya saa 12, na chakula chenye wanga kidogo. Kisichozidi asilimia 12 hivi ya nishati yote ndicho kinachofaa.

Tuchukue mfano. Gramu moja ya protini au ya wanga hutoa kilojuli 17, na gramu moja ya mafuta kilojuli 37. Paka apewaye kwa siku chakula chenye gramu 20 za protini, 5 za mafuta na 20 za wanga hupata kilojuli 340, 185 na 340, jumla yake 865. Wanga peke yake ni asilimia 39. Tukiondoa ugali na kuongeza samaki, hata protini ikawa gramu 35, mafuta 7 na wanga 2, jumla huwa kilojuli 888, karibu sawa na ile ya kwanza, lakini wanga umeshuka hadi asilimia 4.

Hapa ndipo hatari ilipo. Kipimo cha insulini hupangwa kwa kutazama chakula alacho mgonjwa. Wanga ukipunguzwa ghafula na insulini isipunguzwe, sukari ya damu huweza kushuka mno. Vivyo hivyo, mgonjwa akiiba wali katika bakuli la wenzake, kipimo kilichokuwa kinatosha jana hakitoshi leo, na daktari akiona sukari imepanda huweza kuongeza dawa isiyohitajiwa. Kwa hiyo mabadiliko ya chakula yafanywe kwa shauri la daktari tu.

Namna ya kutenga chakula

Kwanza, chakula kisiachwe uwani kutwa nzima. Paka wote walishwe mara mbili kwa siku, kwa saa zile zile za sindano, kila mmoja na sahani yake. Mgonjwa afungiwe chumbani kwa nusu saa, kisha sahani zote ziondolewe. Paka huzoea utaratibu huu baada ya majuma machache.

Pili, pale ambapo vyumba havitoshi, yatumike maumbile ya paka wenyewe. Mgonjwa aliyedhoofika miguu hawezi kuruka. Chakula cha wenzake kiwekwe juu ya ukuta. Mgonjwa aliye mnene hawezi kupenya. Chakula cha paka wadogo kiwekwe ndani ya boksi lenye tundu dogo.

Tatu, na hii ndiyo njia iliyo bora, paka wote wapewe chakula cha mgonjwa. Chakula chenye protini nyingi hakimdhuru paka mzima. Ila mwenye ugonjwa wa mafigo aulizwe daktari kwanza. Vibua, vichwa vya samaki na mioyo ya kuku hupatikana katika masoko yetu. Vipikwe, kwa kuwa samaki wengine wabichi huharibu vitamini B1, na dagaa wenye chumvi wasitumike. Mchuzi wake usimwagwe, kwani una taurini, ambayo kukosekana kwake, kama ilivyothibitishwa mwaka 1987, huuharibu moyo wa paka. Samaki peke yake hatoshi. Daktari ataeleza la kuongeza.

Nne, wapangaji wote waambiwe. Kipande cha chapati kinachotolewa kwa huruma huweza kuvuruga kazi ya juma zima. Daftari moja litundikwe ukumbini: saa ya chakula, kiasi kilicholiwa, saa ya sindano, na jina la aliyechoma, ili mgonjwa asichomwe mara mbili.

Hatari mbili

Paka asipotibiwa, mwili huchoma mafuta yake na kujaza damu ketoni zenye asidi. Hutapika, huacha kula, na huweza kufa. Kwa upande mwingine, sukari ikishuka mno paka hulegea, hupepesuka, hutetemeka na kupatwa na kifafa. Hapo apakwe asali au maji ya sukari kwenye ufizi, bila kumiminiwa kinywani, na apelekwe kwa daktari upesi. Paka aliyekataa kula asichomwe sindano mpaka daktari aulizwe. Wala paka mnene asishindishwe na njaa ili akonde: siku chache tu bila chakula huweza kulijaza ini lake mafuta na kumuua.

Wagonjwa wanaotibiwa mapema, kwa insulini na chakula chenye wanga kidogo, baadhi yao hupona kiasi cha kutohitaji sindano tena.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa uji mwepesi wa wanga katika mirija miwili, mmoja ukitiwa mate ya mwanafunzi. Baada ya dakika chache katika maji ya vuguvugu, tone la iodini litaugeuza mmoja kuwa buluu iliyokoza, na mwingine hautageuka hivyo. Kisha awaulize wanafunzi: kama mate hayo yangekuwa ya paka, mrija wa pili ungekuwa na rangi gani?