NYUFA ZA NYUMBA DODOMA: CHANZO CHAKE, KINGA NA MATENGENEZO

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wenye nia ya kujenga, kununua au kutengeneza nyumba mkoani Dodoma wanatolewa maelezo haya kwa manufaa yao. Tangu Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, watumishi wengi, wakiwemo waliotoka Unguja na Pemba, wamejikuta wakijenga juu ya ardhi wasiyoizoea. Fedha inayotumika aghalabu ni mkopo wa mshahara au kiinua mgongo, na fedha ya namna hiyo haipatikani mara mbili. Hivyo yafaa jambo moja lifahamike mapema: ufa unaoonekana ukutani mara nyingi haukuanzia ukutani. Umeanzia kwenye udongo ulio chini ya msingi, na aliyeuamsha udongo huo ni maji.

Hali ya ardhi

Ardhi ya Dodoma si ya namna moja. Penye vilima kuna miamba migumu. Kwenye miteremko kuna udongo mwekundu wenye mchanga. Na mabondeni kuna udongo mweusi au wa kijivu uitwao udongo wa mbuga. Huu wa mwisho ndio wenye hatari. Wenyeji wa Visiwani wanaufahamu ndugu yake, yaani kinamo cha mabonde ya mpunga. Ukinyonya maji huvimba na kuinua kilicho juu yake. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono huweza kupenya.

Mjenzi aliyezoea maweni, ambako msingi hukaa juu ya jiwe na maji ya mvua hupotea haraka, anaweza kudhani kuwa nchi yenye mvua chache haina haja ya kuogopa maji. Dhana hiyo si sahihi. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, lakini karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu kabisa. Ni mabadiliko hayo ya mwaka hadi mwaka, kulowa kisha kukauka, yanayoinua na kushusha msingi. Udongo wa ukingoni mwa nyumba hulowa na kukauka upesi kuliko ule wa katikati, hivyo pembe za nyumba hutangulia kupasuka.

Wagogo, wenyeji wa nchi hii, tangu zamani walijenga tembe, nyumba ya kimo kifupi yenye paa bapa la udongo. Uzito wa paa ulibebwa na nguzo za miti zilizochimbiwa ardhini, na ukuta wa fito na udongo ulikuwa wa kuziba tu. Ukuta ukipasuka, ulikandikwa upya na paa halikutikisika. Nyumba ya matofali ya sasa ni kinyume chake: ukuta ndio unaobeba paa, nao ni mgumu, haupindi. Ardhi ikisogea, hauna njia ila kupasuka. Kwa sababu hiyo nyumba ya matofali yahitaji msingi wa hadhari kubwa zaidi.

Kabla ya kujenga

Anayetaka kiwanja akitazame wakati wa kiangazi. Akiona ardhi imepasuka vipande vipande, hiyo ni dalili ya kwanza. Kisha achimbe shimo la mita moja na nusu hivi, achukue udongo wa kila tabaka, aulowanishe na kuujaza katika kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, na kuuacha kivulini hadi ukauke. Udongo uliojitenga sana na mbao na kupasuka katikati ni ule unaosinyaa. Kipimo hiki cha nyumbani hakichukui nafasi ya maabara, lakini humwonesha mwenye kiwanja kama gharama ya kumwita mhandisi ni ya lazima. Aidha, azitazame nyumba za majirani: pembe za madirisha yao zitamweleza mengi.

Ikithibitika kuwa udongo ni wa mbuga, yafuatayo yazingatiwe:

(a) Msingi uchimbwe hadi kufikia tabaka gumu lisilobadilika kwa majira. Kama tabaka hilo liko mbali, udongo mbaya uondolewe na mahali pake pajazwe changarawe nyekundu, ikishindiliwa kwa matabaka membamba ya sentimita 15 hivi. Kina na upana apange mhandisi.

(b) Nyumba ifungwe kwa mikanda ya zege yenye nondo, mmoja chini usawa wa jamvi na mwingine juu ya madirisha, yote izunguke bila kukatika. Mikanda hiyo ina faida nyingine, kwani Dodoma imo katika ukanda wa Bonde la Ufa. Tetemeko la Novemba 2002 lililoutikisa mji wakati Bunge likiendelea na kikao ni ukumbusho wa kutosha.

(c) Zege lichanganywe kwa maji yanayonyweka. Visima kadhaa vya mkoa huu vina maji ya chumvi, na chumvi hula nondo ndani kwa ndani.

(d) Zege na matofali ya saruji yamwagiliwe na kufunikwa kwa magunia mabichi kwa siku saba kwa uchache. Upepo na ukavu wa Dodoma hunyonya maji kabla saruji haijashika.

Kuzuia maji

Maji ya paa yakusanywe kwa gata na kupelekwa kwenye tangi, ambalo ni akiba njema katika mji wenye uhaba wa maji. Yasiachwe kudondokea penye msingi. Kuizunguka nyumba kuwekwe sakafu ya zege yenye upana wa mita moja, ikiinamia nje. Mashimo ya maji machafu yawekwe mbali na msingi, na bustani ya kumwagiliwa kila siku isipandwe chini ya dirisha. Miti mikubwa nayo ipandwe kwa umbali usiopungua kimo chake ikikua, kwa kuwa mizizi hunyonya maji na kukausha udongo upande mmoja.

Nyumba iliyokwisha kupasuka

Wengi humwita fundi mwashi azibe ufa kwa saruji na kupaka rangi. Mvua zinazofuata ufa hurudi, au hutokea mwingine kando yake, na fedha imekwenda bure. Mpango unaofaa ni huu. Kwanza itazamwe aina ya ufa. Ufa mwembamba kama unywele kwa kawaida ni wa lipu tu. Ufa unaopanda kwa ngazi kati ya matofali, au ulio mpana juu na mwembamba chini, ni alama ya msingi uliosogea. Pili, pakwe kipande kidogo cha plasta ya jasi juu ya ufa na kuandikwa tarehe. Kikikatika, nyumba bado inatembea. Tatu, chanzo cha maji kitafutwe na kuondolewa: bomba linalovuja, gata lililotoboka, shimo lililojaa. Nne, nyumba iachwe ipite majira ya mvua na ya kiangazi. Ikitulia, ndipo ufa upanuliwe, ushonwe kwa nondo nyembamba na kuzibwa. Isipotulia, au milango ikianza kukwama na sakafu kuinuka, aitwe mhandisi kabla ya kutumia hata shilingi moja ya rangi.

Kibali

Wananchi wanakumbushwa kuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, ilivunjwa Mei 2017 na shughuli zake kukabidhiwa halmashauri ya Dodoma, ambayo tangu Aprili 2018 ni ya Jiji. Hivyo kibali cha kujenga hutolewa na Halmashauri ya Jiji, na nyaraka za kiwanja zilizotolewa na mamlaka ya awali zihakikiwe huko kabla ya mtu kulipia kiwanja au nyumba ya mkononi.

Kwa muhtasari, mwenye fedha kidogo na aanze na udongo, msingi na njia ya maji. Vigae, dari na rangi vinaweza kungoja mwaka mwingine. Kilicho juu hurekebishwa wakati wowote, lakini msingi mbaya haurekebishiki ila kwa gharama inayokaribia ya kujenga upya.