Nyumba ya Mawe Huuawa na Maji, Sio Uzee



Kikundi kikipata shamba lenye nyumba kuukuu ya mawe, swali huwa ni lile lile: tuibomoe, ama tuipige plasta ya saruji ipendeze? Sisi twasema, ngojeni kwanza. Tuangalie imejengwaje.

Nyumba hizi zilitoka wapi?

Mmisionari Joseph Alfred Wray wa CMS alifika Sagalla mwaka 1883. Reli ikapita Voi miaka ya 1890, na mashamba makubwa ya katani yakafuata. Nyumba ya shamba inayojulikana sana katika kaunti yetu ni ile ya Ewart Grogan huko Taveta, iliyojengwa juu ya kilima miaka ya 1930. Majina yanayokumbukwa ni ya wenye mashamba, lakini waliochonga na kubeba mawe ya nyumba kama hizo ni wafanyakazi. Basi tusiseme ni mali ya wageni tu. Jasho la wazee wetu limo ndani.

Ukuta wa zamani ukoje?

Ukuta wa mawe wa zamani una unene wa futi moja na nusu hadi mbili. Kwa kweli ni kuta mbili zilizosimama pamoja, moja nje na moja ndani, na katikati pamejazwa vijiwe na udongo. Kila baada ya hatua chache fundi aliweka jiwe refu linalopita kutoka upande huu hadi ule. Hilo ndilo linalozifunga kuta mbili zisiachane. Pembeni aliweka mawe makubwa yaliyochongwa vizuri. Unene huo ndio unaofanya nyumba iwe baridi mchana, hata jua la Voi likiwaka vipi.

Jiwe la milima yetu ni gumu, halinywi maji. Maji hupitia kwenye udongo au chokaa iliyo kati ya mawe, na hutokea hapo hapo, ukuta ukakauka. Paa likivuja, maji huingia katikati ya ukuta na kuosha udongo. Mawe hulegea, ukuta hutoa tumbo, mwisho huanguka. Watu husema, "Ni uzee." Sio uzee, ni maji.

Kosa letu wenyewe

Sisi pia tuliwahi kukosea. Stoo yetu ya mawe ilikuwa na nyufa, tukaipiga plasta ya saruji nje yote. Ilipendeza kweli! Baada ya misimu miwili ya mvua, saruji ikapasuka. Maji yakaingia kwenye nyufa yakakosa pa kutokea, na kipande kizima cha ukuta kikaanguka na mahindi yetu yakalowa. Saruji ni nzuri kwa nyumba iliyojengwa kwa saruji. Kwa ukuta wa udongo na chokaa, ni kama kumvika mtu mwenye jasho koti la plastiki.

Fanyeni hivi

1. Anzeni juu. Zibeni mabati yanayovuja, wekeni gata, na ondoeni miti iliyoota ukutani.

2. Chimbeni mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe, lakini msichimbe chini ya msingi.

3. Wekeni alama ya penseli mwisho wa kila ufa na muandike tarehe. Ufa ukipita alama, ukuta bado unasogea. Ukuta uliotoa tumbo msiuguse. Itisheni fundi anayejua mawe.

4. Mahali palipojengwa kwa chokaa, kwangueni iliyolegea, lowesheni, kisha zibeni kwa karai moja la chokaa kwa matatu ya mchanga safi. Palipojengwa kwa udongo, tumieni udongo wa aina ile ile.

5. Funikeni kazi ya chokaa kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa. Miezi ya Juni hadi Septemba, kati ya mvua mbili, inafaa.

Angalieni: chokaa ya kutia shambani sio ya kujengea, haishiki. Na chokaa ya kujengea huunguza macho na ngozi, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Kuta za Fort Jesus kule Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na hadi leo zimesimama. Nyumba yenu pia yaweza kuwa stoo, shule ya chekechea ama ofisi ya kikundi, bila kununua jiwe hata moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana

Maji ya mvua huenda wapi yakitoka kwenye paa letu?
Ni mzee gani kijijini anayejua kujenga kwa mawe, na ni kijana gani atajifunza kwake?
Kubomoa na kujenga upya kutagharimu pesa ngapi, na kutengeneza je?