Paka wa Kompyuta na Sifa Iliyojificha



Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, siku moja baada ya darasa la alasiri niliwakuta vijana wawili karibu wapigane. Ugomvi wenyewe ni wa paka, tena paka asiyekula wala kulia, yumo ndani ya kompyuta tu. Katika mchezo wao wa kuzalisha paka, mmoja alipandisha dume na jike, wote wa manyoya mafupi, akapata mtoto wa manyoya marefu. Mwenzake akamwita mwongo mbele ya watu, eti kaingiza paka mwingine kwa siri.

Hakuwa mwongo. Mchezo ule umeiga kanuni ya paka wa kweli, kanuni ambayo Gregor Mendel aliichapisha mwaka 1866 baada ya kupanda njegere kwa miaka. Kila paka ana nakala mbili za jeni ya urefu wa manyoya, moja ya baba na moja ya mama. Ufupi hutawala, urefu hujificha. Tuandike F kwa ufupi na r kwa urefu. Paka FF na paka Fr wote wana manyoya mafupi, kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mwenye manyoya marefu ni rr peke yake. Basi mtoto yule ni shahidi juu ya wazazi wote wawili, kwamba kila mmoja amebeba r. Wazazi wa namna hiyo, kila mtoto wao ana nafasi 1 katika 4 ya kuwa rr.

Niliwakumbusha Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na shaka kwa kuwa mkewe kazaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza habari za ngamia wake wekundu, ambao miongoni mwao walitokea wa kijivu. Bedui mwenyewe akakiri kuwa huenda ni asili ya nyuma iliyowavuta. Mtume hakumruhusu kumkana mtoto. (Rangi ya binadamu hutokana na jeni nyingi, si moja kama manyoya haya.)

Sasa, utamjuaje mficha r? Kama mama yake alikuwa na manyoya marefu, usihangaike: lazima anayo, maana mama hakuwa na kingine cha kumpa. Kama wazazi wake wote ni Fr na yeye ni mfupi, uwezekano ni 2 katika 3. Kama hujui nasaba yake, mpandishe na rr. Akitokea mtoto mmoja tu mrefu, kesi imekwisha. Wakitoka wafupi watupu, kesi haijaisha: mwenye r anaweza kupata watoto 5 wafupi mfululizo mara 1 katika 32, na 10 mara 1 katika 1024. Shaka hupungua, haiishi.

Yule mshitaki alikwisha kumwomba mwenzake radhi. Sasa anadai dume lake ni FF. Nimemwambia azidi kupandisha. Jana watoto walikuwa 7, wote wafupi, nami bado sijamkubalia.